Koti la Mtoto wa Kishua

Niseme mapema ili tusipotezeane muda: mimi ni mtu wa wivu. Mama anasema nilizaliwa nao. Eti hata nilipokuwa nanyonya nilikuwa nashikilia ziwa la pili kwa mkono, asije akalichukua mwingine. Na huyo mwingine alikuja kweli. Nilipokuwa na miaka sita, mama mkubwa alimleta binti yake kutoka mlimani, upande wa Wameru kule juu ya Tengeru, aje akae nasi asome mjini. Alinizidi miezi mitatu. Miezi mitatu tu! Lakini nikaambiwa nimwite dada, na mpaka leo namwita dada, shingo upande.

Tulikaa mtaa wa Sekei, nyumba ya kupanga yenye kibaraza, na kibarazani palikuwa na cherehani mbili za mama. Mama ni fundi wa sare za shule. Sisi wawili tulikuwa wa kutia vifungo na kukata nyuzi. Dada alikuwa anatia vifungo kimya, kimoja baada ya kingine, na mimi nikitia kimoja nachungulia barabarani nani anapita. Basi mama: "Mwangalie mwenzako." Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi kuliko jina langu. Mwangalie mwenzako anavyokunja nguo. Mwangalie mwenzako anavyosalimia watu. Nimemwangalia, mama, nimemwangalia mpaka macho yameniuma!

Kitu kimoja tu kilikuwa changu, nacho ni tamthilia za watoto wa kishua. Zile za shule za matajiri, zimetoka nchi za nje, zimetiwa sauti za Kiswahili, mwanafunzi analetwa shule na dereva na koti lake lina nembo ya dhahabu kifuani. Nilikuwa sikosi hata moja. Nilijua mtoto wa kishua anavyotembea, mikono haitikisiki. Nilijua anavyomtazama mtu, anaanzia kwenye viatu, anapanda polepole, akifika usoni ameshachoka. Nilikuwa nafanya mazoezi mbele ya kioo kile cha wateja wa mama, huku dada amekaa chini anachambua maharage na kucheka.

"Mdogo wangu, utakuja kuteguka shingo," alikuwa ananiambia.

Mdogo wangu! Mtu wa miezi mitatu!

Tulipomaliza kidato cha nne tukawa nyumbani tunasubiri matokeo. Ndipo ikasikika kwamba kuna watu kutoka Dar wanakuja kurekodi tamthilia hukuhuku kwetu, ya wanafunzi matajiri wa shule ya bweni chini ya mlima Meru, na kwamba wanatafuta vijana wa hapahapa. Usaili ulikuwa kwenye ukumbi mmoja mtaa wa Sokon One. Nililia kwa furaha, na ninaposema nililia sipambi maneno. Nilijiona tayari. Nani mwingine mji huu alikuwa amejiandaa miaka yote ile?

Nilimchukua dada aje anishikie mkoba. Hilo ndilo kosa langu la kwanza. Alivaa sketi yake ya kanisani na ndala, akakaa pembeni na mkoba wangu mapajani. Nikaitwa, nikatembea, nikatazama watu kuanzia viatuni, nikasema maneno niliyopewa. Dairekta, baba mmoja mfupi mwenye kofia, akasema ahsante. Kisha akatazama nyuma yangu.

"Na yule aliyekaa pale?"

"Yule amenisindikiza tu," nikasema.

"Mwambie asimame."

Akasimama. Hakufanya lolote, jamani, alisimama tu na mkoba wangu mkononi! Dairekta akamwambia mwenzake kwamba ndio huo uso aliokuwa anautafuta, uso wa mtu ambaye hajawahi kuomba kitu. Dada akageuka kunitazama, aone nasemaje. Nikacheka kwa nguvu na kupiga makofi. Ndani roho iliniuma.

Akapewa nafasi ya binti mkuu, mtoto wa tajiri mwenye mashamba, msichana asiye na adabu hata chembe. Mimi nikapewa kupita nyuma na vitabu. Sina hata neno moja la kusema, napita tu, kisha napita tena nikirudi. Shukrani ya punda ni mateke, nilisema moyoni, ingawa sijui yeye alikuwa amenipiga teke gani.

Hayakuishia hapo. Wale watu wakasikia mama yangu ni fundi, wakampa kazi ya kushona makoti ya hiyo shule ya kishua. Koti jeusi, bitana nyekundu, nembo ya simba. Dada alikuwa anashinda kwenye mazoezi, hayupo wa kupimwa. Mama akaniita.

"Njoo hapa. Mna mwili mmoja."

Basi koti lake likashonewa mwilini mwangu. Wiki nzima nilisimama kibarazani mikono nimeinyoosha, mama ana pini mdomoni, ananigeuza huku na huku, anabana kiuno, anashusha bega. Koti likanikaa, acha kabisa. Wapita njia walikuwa wanasimama kunitazama. Mama alipomaliza akarudi nyuma hatua mbili, akasema, "Litampendeza sana dada yako." Nikalivua, nikaingia chumbani nikauma mto.

Siku ya kwanza ya kurekodi tulipelekwa kwenye nyumba ya zamani ya shamba la kahawa, juu kwenye miteremko. Nyumba yenyewe ilikuwa na nguzo nyeupe na bustani, na Meru iko mgongoni imejifunga mawingu. Ile ilikuwa iwe shule. Walitaka kuanza na kipande cha ufunguzi: binti wa kishua anashuka kwenye gari, anapita njia ya bustani, mzee mtunza bustani yuko mbele yake na toroli la samadi. Binti anatakiwa kumpita bila salamu, amwambie, "Toka njiani mzee, unanuka samadi," aingie ndani. Basi. Sekunde chache tu, lakini Dairekta alisema watazamaji wanatakiwa wamchukie palepale, la sivyo tamthilia nzima haina maana.

Aliyekuwa aigize mtunza bustani hakutokea. Wakamchukua mtunza bustani mwenyewe wa pale, mwenye toroli lake na buti zake za mpira. Nilipomwona tu nikamjua, na dada akamjua. Alikuwa mzee wa kanisa kule kwa bibi yetu mlimani, yule anayeendesha mnada kila Jumapili baada ya ibada, ambapo watu wanaleta mayai na ndizi na maziwa kama sadaka na wengine wanavinunua. Tangu tukiwa wadogo, kila likizo ya Krismasi, ndiye tuliyekuwa tunamkimbilia pale uwanjani.

Sasa inabidi nieleze jambo kwa asiyetoka kwetu. Kwetu mtoto hamsalimii mzee kwa mdomo peke yake. Unamwendea, unainamisha kichwa, naye anakuwekea kiganja utosini, kisha ndio unasema shikamoo. Haifundishwi darasani. Unakua nayo. Ukimwona mzee, shingo inajua yenyewe la kufanya.

Dairekta akapiga makofi, kamera ikaanza. Dada akashuka kwenye gari amevaa koti langu. Ndiyo, nasema langu! Akatembea vizuri. Akamfikia mzee. Kichwa kikashuka. Na mzee naye, ambaye alikuwa ameambiwa asifanye kitu isipokuwa kushika toroli, akaachia mpini mmoja, akamwekea mkono kichwani.

"Kata!"

Watu wakacheka. Wakarudia. Dada akashuka, akaja, safari hii akakaza shingo mpaka mishipa ikaonekana, na kwenye hatua ya mwisho kichwa kikashuka tena. Mkono ukaja. Kata! Mara ya tatu akafumba macho. Mara ya nne alifanikiwa kuanza kusema "Toka njia—" akamalizia na "shikamoo." Hapo hata mpiga picha alikaa chini kwa kicheko.

Dairekta hakucheka. Alimwendea mzee. "Mzee wangu, si tumekubaliana usimguse?"

"Tumekubaliana," mzee akasema kwa upole. "Lakini mtoto akileta kichwa, nitakiacha wapi?"

Mawingu yalikuwa yanashuka, mwanga unakwisha, na Dairekta amevua kofia anajipiga nayo pajani. Akamwuliza dada kama anaweza au hawezi, aseme sasa hivi. Dada akamtazama mzee. Akasema kwa sauti ndogo, "Namfahamu. Sijui nifanyeje."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na vitabu vyangu. Nataka niseme ukweli wote hapa, kwa hiyo nasema: nilikuwa na furaha. Nilikuwa nasali. Kila kichwa chake kilipoinama, mimi nilikuwa nasema moyoni, inama tena, inama. Na kabla sijafikiri mara mbili, nikasikia sauti yangu.

"Mimi naweza."

Wote wakageuka. Dairekta akanitazama kuanzia viatuni, hata yeye alikuwa anajua kutazama hivyo. "Koti litamtosha huyu?" akamwuliza mtu wa mavazi.

Likanitosha. Lingekosaje kunitosha?

Dada alinivalisha mwenyewe. Alinifunga vifungo, akanyoosha kola, akaninong'oneza, "Nenda kwanza kamsalimie. Msalimie kabla hamjaanza, mwambie ni mchezo." Nikamtazama nikajisemea, haya, leo ni zamu yako ya kuumia. Unataka na mimi nilainike nishindwe kama wewe. Nikamwambia aniachie kola yangu.

Nikashuka kwenye gari. Mikono haikutikisika. Mzee alikuwa pale na toroli lake, akanitambua, nikaona uso wake unafunguka kwa sababu huyu naye ni yule mtoto wa Krismasi, mjukuu wa jirani yake. Mimi sikuinama. Lakini mkono wake ulikuja hivyohivyo. Alikuwa amezoea, au alidhani nimechelewa tu. Mkono ulikuja kuelekea kichwani kwangu, nami nikakwepa. Nilikwepesha kichwa pembeni, kidogo tu, kama mtu anayekwepa tawi lenye matone. Nikamtazama kuanzia buti zake. Nikasema, "Toka njiani mzee, unanuka samadi." Nikapita.

"Hiyo! Hiyo hiyo!" Dairekta alipiga kelele. "Umeona mkono? Mkono umebaki hewani! Mungu wangu, hatukuuandika ule, umetoka wapi?"

Watu wakanipigia makofi. Kwa mara ya kwanza maishani walikuwa wanapiga makofi kwa ajili yangu wakati dada yupo. Wakanivuta huku na huku, nikapigwa picha, nikapewa kiti. Nilimkumbuka mzee mara moja, nikageuka, nikamwona anainama kwenye toroli lake, anasukuma kuelekea nyuma ya nyumba, taratibu. Nikasema nitamsalimia baadaye. Baadaye walikuwa wameniita tena.

Nafasi ikawa yangu. Dada akapewa vitabu, akawa anapita nyuma. Nyumbani nikamwambia mama, naye alikuwa anapinda suruali ya mteja. Halafu akauliza, "Na mwenzako je?"

"Ameshindwa," nikasema.

"Ameshindwa nini?"

"Kumtukana mzee."

Mama akasimamisha cherehani. Akanitazama, akaitazama nguo, akaendelea kushona. Kwa mara ya kwanza hakuniambia nimwangalie mwenzangu, na hilo lilinikera zaidi.

Nilimsubiri dada anune. Nilimsubiri kwa hamu, nawaambia. Ningelala vizuri kama angenuna. Badala yake alikuwa ananipigia pasi lile koti kila asubuhi na kunisikiliza nikikariri maneno. Siku moja nikashindwa kuvumilia, nikamwuliza kama hana wivu. Akafikiri. Akasema, "Ningeona wivu kama ningeweza kufanya ulichofanya."

Tamthilia ikaanza kuonyeshwa. Mjini nikawa mtu. Mtaani Sanawari wasichana walikuwa wananifuata, vijana wa bodaboda wananiita mtoto wa kishua, muuza nyanya ananiongezea mbili. Kile kipande cha ufunguzi kilikatwa kikazunguka kwenye simu za watu, mkono wa mzee uko hewani, vijana wameweka muziki juu yake na kucheka. Nilikitazama mara nyingi mno. Mwanzoni nilikuwa najitazama mimi.

Krismasi ile tulipanda mlimani kwa bibi kama kawaida. Bibi alikuwa amekwisha kukiona kile kipande, maana wajukuu wa mlimani nao wana simu. Hakunigombeza. Alinipakulia loshoro ya mahindi na maziwa mgando, akanijazia bakuli, akasema, "Kula, binti. Nimeona kazi yako." Nikasubiri aendelee. Akamgeukia dada akamwuliza kuhusu mguu wa mama mkubwa.

Siku ya Krismasi yenyewe, ibada ilipokwisha, watu wakatoka uwanjani kwenye mnada. Mzee alikuwa pale mbele, amevaa suti yake ya kahawia, ameinua mkungu wa ndizi begani, anatania watu wapandishe bei. Watoto walikuwa wanamjia mmoja mmoja katikati ya kelele, wanainama, anawagusa bila hata kusimamisha maneno yake, mkono unashuka na kupanda, kichwa hiki, kichwa kile. Nilisimama kwenye mstari wa watoto. Nilikuwa mkubwa kuliko wote pale, na baadhi yao walikuwa wananinyooshea vidole. Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilitaka nimwambie ulikuwa mchezo tu, kwamba ningekuja siku ileile, kwamba waliniita. Lakini nilijua nikiguswa tu utosini sitahitaji kusema lolote.

Nikafika. Nikainamisha kichwa, nikakishusha kuliko nilivyowahi kukishusha. "Shikamoo, babu."

"Marahaba," akasema.

Nikangoja. Nilikuwa naona viatu vyake, na udongo mwekundu pembeni ya soli. Mnada ulikuwa umenyamaza. Nikaendelea kungoja mpaka shingo ikauma. Kisha nikauona mkono wake, chini ya macho yangu, umenyooshwa mbele. Alikuwa ananipa mkono wa kushikana, kama wanavyopewa wageni wa kutoka mjini.

Nikanyanyua uso, nikaushika. Hakuwa na hasira hata kidogo. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya, mimi na hasira tunafahamiana. Alikuwa anatabasamu kwa heshima, heshima kabisa, heshima ile wanayopewa watu usiowajua. "Karibu sana kwetu," akaniambia. "Tunakuona kwenye televisheni."

Nyuma yangu alikuwa dada. Aliinama. Mkono ule ule uliotoka kwenye wangu ukapanda, ukatua utosini kwake, ukakaa pale muda mrefu, na mzee akamsemesha kwa Kimeru taratibu huku akimkandamiza kichwa kwa mzaha, na dada anacheka huku ameinama.

Tamthilia yenyewe haikufika mbali, ilikwisha, wale watu wakarudi Dar, na mimi nikarudi kibarazani kwenye vifungo. Lile koti tuliachiwa, linaning'inia nyuma ya mlango wa mama. Dada ni mwalimu sasa. Nimemwonea wivu kwa mengi: kwa miezi yake mitatu, kwa uso wake, kwa mama kumsifia hadi kwenye kukunja nguo. Mengine yameshanitoka.

Lakini kila Krismasi tunapanda mlimani. Kila Krismasi nasimama kwenye mstari wa watoto, na watoto wenyewe sasa wananipisha. Naenda, nainama, nangoja. Mwaka jana mzee alikuwa amekaa kwenye kiti, miguu haimbebi vizuri, mnada unaendeshwa na mwingine. Nikapiga magoti kabisa ili asipate shida ya kufikia. Akaniuliza habari za mjini, akanipa mkono.